Makaburi ya Mwambao wa Nyasa na Deni la Majina

Kila ifikapo tarehe 25 Julai Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na mashada ya maua huwekwa chini ya mnara, tarumbeta hulia, viongozi wa dini huomba dua na kusali kwa zamu, na wananchi waliohudhuria husimama kimya. Ni desturi njema, nasi hatuna neno la kuipunguza. Lakini sherehe ya mnara, hata ikiwa kubwa kiasi gani, haiwezi kushika nafasi ya kwenda mahali penyewe walipolala wafu. Mnara hujengwa mahali panapofaa kusimamisha magari ya wageni. Kaburi huwa pale mtu alipoanguka.

Kwa sababu hiyo, tulipopata nafasi ya kwenda Mkoa wa Ruvuma, tuliazimia kwamba safari yetu iwe ya kuzuru makaburi na kumbukumbu za vita, kuanzia Songea, kupitia Mbinga, hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Tunayoandika hapa tunawaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu wa Visiwani, ambao wengi wao huiona Ruvuma kuwa nchi ya mbali isiyowahusu. Wa pili ni watendaji wa Serikali, mikoani, wilayani na katika kata, ambao baadhi ya mambo tutakayoyataja yamo mikononi mwao wala si mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa Mzanzibari, nchi ya Nyasa si ya mbali hata kidogo. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya watumwa ilitoka katika mwambao ule, ikashuka Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakawaleta watu wetu katika soko la Mkunazini, soko ambalo lilifungwa mwaka 1873. Waliosalia na mashaka ya njia na ya bahari waliingizwa katika mashamba ya karafuu, wakaitwa Wanyasa, wakazaa, wakazikwa katika udongo wa Unguja na Pemba. Ni wangapi miongoni mwetu leo ambao, wakiulizwa asili ya bibi mzaa babu, hutafuta neno la kukwepa, kumbe jibu liko Liuli au Mbamba Bay? Na ile misheni ya Kianglikana iliyojenga kanisa juu ya soko la Mkunazini ndiyo iliyokwenda kufungua makanisa na shule Likoma na Liuli. Njia ile ile iliyowaleta watu kwa minyororo ilirudi na vitabu. Hizi ni nchi mbili zenye historia moja.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shule ya Serikali tulifundishwa kwamba kuzuru makaburi kulikatazwa hapo mwanzo, kisha Mtume, rehema na amani zimshukie, akakuruhusu, kwa kuwa humkumbusha mtu Akhera. Tulifundishwa pia adabu zake: mtu huwatolea salamu waliolala pale kama anavyowasalimu walio hai, wala hapiti juu ya kaburi. Tumegundua kwamba adabu hizo hazina mipaka ya dini. Mzee Mkristo wa Umatengo aliyetuongoza siku moja alivua kofia yake hatua nyingi kabla hatujafika tulikokuwa tunakwenda, na hakuivaa tena mpaka tulipokwisha ondoka.

Tuanze na Songea, kwa kuwa huko ndiko deni limelipwa kwa kiasi kikubwa kuliko mahali pengine.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya sitini wa Vita vya Majimaji, kisha wakawatupa katika kaburi moja la pamoja. Alikuwamo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Alikuwamo Mkomanile, mwanamke pekee katika kundi lile. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa mbali na wenzake na akazikwa peke yake; na ukoo wake unasimulia mpaka leo kwamba alizikwa bila kichwa, kichwa chake kikiwa kimechukuliwa na wakoloni. Usiku wa kuamkia kunyongwa, padre wa Kibenediktini Johannes Häfliger, wa misheni ya Kigonsera, aliwabatiza baadhi ya waliohukumiwa. Msafiri anayetoka Songea kwenda Mbinga hupita Kigonsera hiyo hiyo. Tulipita hapo tukitafakari juu ya jambo moja: padre anaingia gerezani na maji ya ubatizo kwa watu waliokuwa wameingia vitani wakiamini maji ya namna nyingine. Kuhusu hilo kila mtu atahukumu kwa imani yake.

Leo mahali pale Songea pana Makumbusho ya Majimaji, ambayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Pana sanamu za viongozi, silaha zao, na kaburi lenyewe. Kila mwaka, katika siku za mwisho za Februari, watu wa koo zile hukutana, wazee wa mila hufanya yao, mashehe na mapadre hufanya yao, na ngoma huchezwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na kizazi cha Nduna Songea, na akaomba radhi kwa matendo ya nchi yake. Sisi tunasema kwamba neno hilo lilichelewa zaidi ya miaka mia moja, lakini afadhali limesemwa, na limesemwa pale pale, mbele ya kaburi, wala si katika ukumbi wa Berlin. Linalobaki ni kile kichwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, wakati nchi ikiwa bado chini ya mkoloni; haifai watu huru wa leo washindwe kuulizia kwa sauti kubwa zaidi.

Vita vile vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno. Wajerumani wenyewe walikiri 75,000, na wako wanahistoria wanaofikisha hesabu laki tatu. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, mifugo ikachukuliwa, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki za mzinga ziliianza. Basi hata katika Songea, ambako tumesema deni limelipwa kwa kiasi kikubwa, waliomo katika kaburi la pamoja ni wale viongozi tu. Mama aliyekufa kwa njaa porini pamoja na mtoto mgongoni hana jiwe.

Kutoka Songea barabara hupanda kuelekea nchi ya Wamatengo, na macho huanza kuona milima iliyolimwa kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki, ambayo huzuia maji ya mvua yasichukue udongo wa mteremko. Mgeni huyasifu kama ufundi wa kilimo, na ni haki yake. Lakini wenyeji watakuambia kwamba kilimo hicho kilikomaa pia kwa sababu ya vita. Wamatengo walibanwa milimani wakijikinga na mashambulizi ya Wangoni, watu wengi katika eneo dogo, ikabidi wautunze udongo kama mtu anavyotunza akiba ya mwisho. Huko Litembo wazee husimulia mapango waliyokimbilia babu zao, na mapambano yao na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla hata Majimaji haijafika Ungoni. Kwa hiyo mlima wenyewe ni kumbukumbu ya vita, ingawa haukuandikwa. Kahawa imefuata baadaye, na shule, na hospitali za misheni; lakini ngoro bado zinalimwa.

Baada ya mji wa Mbinga barabara huteremka. Zamani mteremko ule ulikuwa adhabu, hasa wakati wa masika. Sasa lami imefika Mbamba Bay, na tunaipongeza Serikali kwa hilo bila kusita. Ziwa hutokea ghafla, samawati, pana kama bahari yetu, isipokuwa halina harufu ya chumvi. Ufuoni tulikuta mitumbwi ya mti mmoja na usipa ulioanikwa juani. Mtu wa Nungwi au wa Kojani angejiona yuko nyumbani, mpaka atakapoonja maji.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali la pwani lililokaa mfano wa ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, siku tisa tu baada ya Uingereza kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kiingereza Gwendolen ilitokea upande wa Nyasaland na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja. Berndt hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alikwenda kwa mashua kumgombeza mwenzake, naye akachukuliwa mateka. Mpaka leo vitabu vya Wazungu hukipenda kisa hiki, na hukisimulia kwa kicheko kama mojawapo ya mapigano ya kwanza kabisa majini katika vita vile.

Nasi hatuna ugomvi na kicheko. Ila tunauliza: baada ya wale marafiki wawili kumaliza mzaha wao, nani alibeba mizigo?

Kwa maana kilichofuata hakikuwa mzaha. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalitoka Nyasaland na Rhodesia yakaingia kusini ya koloni la Wajerumani, na mwezi Septemba mwaka huo yakaishika Songea. Manda, ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen, iliyoko pale Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, ikawa bandari ya kuteremshia chakula na risasi zilizoletwa kwa meli za ziwani. Kutoka ufuoni kupanda milima hapakuwa na gari moshi, na motokaa zilikuwa chache. Mbung'o waliua wanyama wa kubebea. Basi mzigo ulipanda juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Nyasaland wapagazi hao waliitwa tengatenga, na jina hilo wazee wa mwambao bado wanalo midomoni. Upande wa Wajerumani nao walikamatwa hivyo hivyo, vijiji kwa vijiji, na kadiri vita vilivyorefuka ndivyo ujira ulivyopotea na kamba ilivyoongezeka. Mwishoni mwa Septemba 1918 von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amekimbilia Msumbiji tangu Novemba 1917, alivuka tena Ruvuma, akapita karibu na Songea, akaendelea mpaka kujisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 akiwa na askari Waafrika 1,156. Kila alikopita, ghala la mwananchi lilikuwa ndiyo bohari yake.

Inakadiriwa kwamba katika vita vile Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka pande zote za Afrika Mashariki na Kati, na waliokufa ni karibu laki moja, wengi kwa kuhara damu, malaria, kichomi, uchovu na chakula kibovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza limebaki masikioni mwetu kila siku, maana ndilo lililozaa jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Watu huenda Kariakoo kununua vitenge na vipuri, na ni wachache wanaojua kwamba wanatamka jina la wafu.

Je, makaburi ya watu hao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya mwenendo wake yenyewe wa zamani. Ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao mahali popote, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo inaonyesha jinsi Gavana wa Tanganyika wa siku zile, Horace Byatt, alivyoona kuwa makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori mapema iwezekanavyo. Mzungu aliyekufa katika kampeni hiyo hiyo alipata jiwe lenye jina, namba na alama ya dini yake, na mtu wa kufyeka majani. Mwafrika aliwekewa sanamu moja ya wote. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni mwaka huo wa 2021, na huko Kenya majina ya maelfu ya watu yameanza kupatikana katika madaftari ya zamani.

Sanamu hiyo ya wote sisi tunaijua vizuri: ni Askari wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, na ndugu zake wa Nairobi na Mombasa. Ameelekeza singe yake bandarini. Amesimama mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, Mjerumani yule yule ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa meli ya Liuli. Tunampenda Askari wetu, na watoto hupigwa picha mbele yake. Lakini sanamu moja haiwezi kujibu maulizo ya mjane wa Lituhi anayetaka kujua mumewe alilala wapi.

Hapa Liuli pana kaburi moja ambalo limetunzwa vyema sana. Ni la Padre William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza aliyetumikia mwambao ule kwa karibu nusu karne, akafa mwaka 1928 na kuzikwa kanisani Liuli. Waumini wa Kianglikana humkumbuka na kulizuru kaburi lake. Hatumwonei wivu, alikuwa mtu mnyofu, alijifunza lugha ya watu, alitembea kwa miguu, na watu wanaojua kushukuru hawapaswi kulaumiwa. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kaburi hutunzwa pale palipo na jumuiya yenye jina la kulitaja na siku ya kulizuru. Wapagazi hawakukosa thamani. Walikosa daftari.

Mzee mmoja wa mwambao, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hakutuomba tumtangaze, alituambia kwamba babu yake mzaa baba alitwaliwa tengatenga pamoja na kaka zake wawili. Alirudi peke yake. Hakuwa na kaburi la kuwaonyesha watoto, kwa hiyo akawapa wanawe majina ya wale wawili. Majina hayo yanaendelea mpaka leo katika ukoo. Tulipomwuliza kama ofisa yeyote amewahi kuja kuyaandika, alicheka kwa upole, akatuuliza kama sisi tumekuja na kalamu.

Tunajua kuna ndugu watakaopinga. Watasema: hao walikuwa watumishi wa mabeberu, wamekufa katika ugomvi wa mabeberu, kwa nini Taifa huru lijisumbue nao? Tena wataongeza kwamba askari wale wale wa Kijerumani, watu weusi kama sisi, ndio waliochoma maghala ya Wangoni mwaka 1906 na kusimamia kamba za kitanzi pale Songea. Hoja hii si ya kudharauliwa. Hatuwezi kumweka aliyenyongwa na aliyenyonga juu ya nguzo moja, tukaita vyote ushujaa. Watoto wetu wakisoma hivyo watakuwa hawakusoma kitu. Msimamo wetu ni kwamba haya ni mambo mawili. Heshima ya shujaa hutolewa kwa aliyechagua, naye akachagua haki: Mputa, Songea Mbano, Mkomanile, na kijana wa JWTZ aliyekufa akilinda mpaka. Haki ya maiti ni jambo jingine. Hiyo haichunguzi alikuwa upande gani. Maiti huoshwa, huzikwa, huombewa, na jina lake hutajwa; na mpagazi aliyefungwa kamba shingoni, akabebeshwa mzigo usio wake, haki hiyo anayo kabla ya wengi. Na tusisahau kwamba yeye hakuchagua lolote.

Sisi wa Visiwani tunao mfano wetu wa kupima maneno haya. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar. Mabaharia waliokufa walizikwa Chapwani, kisiwa ambacho Wazungu hukiita cha Makaburi, na makaburi yao yapo, safi, yenye majina, wageni wa hoteli huenda kuyatazama. Lakini tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji huo huo kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Ni nani leo anayeweza kutuonyesha walipozikwa? Kwa hiyo tusiwalaumu watu wa Nyasa peke yao.

Mwambao wa Nyasa ulipata kushuhudia vita vingine katika zama zetu. Kusini ya Mbamba Bay ndipo mpaka wa Msumbiji ulipo, na ng'ambo yake ni Jimbo la Niassa, mojawapo ya medani za FRELIMO baada ya risasi ya kwanza ya tarehe 25 Septemba 1964. Wananchi wa mpakani walipokea wakimbizi, walipisha wapiganaji usiku, waligawana nao unga, na vijiji vyetu vya kusini vikapigwa mabomu na ndege za Wareno kwa kosa hilo la ujirani. Uhuru wa Msumbiji ulipofika tarehe 25 Juni 1975 furaha ilikuwa kubwa pande zote mbili. Mashujaa wa Tanzania waliokufa baadaye katika ardhi ya Msumbiji, wakiisaidia nchi hiyo dhidi ya RENAMO, wamelazwa Naliendele, Mtwara; wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wamelazwa Kaboya. Makaburi hayo yanatunzwa na jeshi kwa nidhamu inayostahili sifa. Na walipouawa walinda amani wetu wasiopungua 14 huko Semliki, mashariki ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, baadhi yao walirudishwa Zanzibar na kuzikwa na jamaa zao. Visiwa vyote vililia. Hapo kila mmoja wetu alielewa maana ya kujua mtoto wako amelala wapi.

Tukirudi ziwani, iko hatari moja ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wamezuka watu wanaotafuta kile wanachokiita mali ya Mjerumani. Huamini kwamba palipo na kaburi la zamani au jiwe lenye alama, chini yake pana rupia na dhahabu. Huchimba usiku, hawapati kitu, na huacha mifupa nje. Kufukua kaburi ni kosa la jinai, na dini zote zinalilaani. Lakini sheria haiwezi kulinda mahali ambapo hata mtendaji wa kijiji hajui kwamba pana kaburi. Kwa hakika ujinga huo wa watendaji ndio koleo la kwanza.

Kwa hiyo tunapeleka maneno yetu kwa Halmashauri za Wilaya za Mbinga na Nyasa. Hatuombi minara. Mnara ni ghali, na pesa yake ikipatikana afadhali ijenge zahanati. Tunaomba daftari. Kila kata iwaite wazee wake, na iandike nani alitwaliwa, kutoka ukoo gani, kwa upande wa Mwingereza au wa Mjerumani, nani alirudi na nani hakurudi. Maofisa utamaduni wapewe kazi hiyo kwa maandishi na waulizwe matokeo yake. Misheni za Peramiho, Kigonsera, Litembo na Liuli zimezoea kuweka vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Ziombwe kwa adabu, nazo hazitakataa. Walimu wa shule wawatume wanafunzi kwa babu zao, jambo ambalo halina gharama hata ya senti moja. Kisha nakala ipelekwe Makumbusho ya Majimaji, Songea, ambako watumishi wake wameonyesha kwamba wanajua kutunza, na nyingine ipelekwe kwa ile Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo imekwisha kiri deni lake na haiwezi tena kusema haijui wadai wake.

Kazi hiyo haina muda mrefu. Waliobeba mizigo wamekufa wote, na watoto wao wamekufa. Wajukuu ndio walio hai, nao ni wazee. Yule aliyetuuliza kama tumekuja na kalamu alikuwa anatembelea fimbo mbili.

Na kwa ndugu zetu wa Visiwani wanaopenda kusafiri, tunawaambia kwamba njia ipo na haitishi. Mtu akivuka Dar es Salaam hupata basi la Songea, na akifika katika siku za mwisho za Februari atawakuta watu wa Majimaji wakiwazuru wao. Kutoka hapo Mbinga si mbali, na Mbamba Bay hufikiwa siku hiyo hiyo. Aliye na babu aliyeitwa Mnyasa, au aliye na kipande cha karatasi ya ujira, cheti cha askari au nishani katika sanduku la marehemu, asikitupe. Akipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, waandike jina lililomo.